Je, wajua kwa nini nanga inaweza kuuzamisha mtumbwi?

Chukua karara la mnazi, lile ganda gumu linalofunika maua yake, lenye umbo la mtumbwi. Lifunge uzi katikati ya ubavu, ulitie mahali maji yanapopwa kwa kasi, ushike ncha ya uzi. Uzi ukikaza tu, karara linakingama mkondo, ubavu unaotazama maji unainama, na maji yanaingia. Sasa hamishia uzi kwenye ncha ya karara. Linanyooka, na maji yanapita kulia na kushoto kwa utulivu.

Mtumbwi mdogo wa kuvulia, au kayaki, hufanya vivyo hivyo. Huku kwetu maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita kawaida, si ya kuchezea: Unguja, tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4, na maji yote hayo husafiri kwa saa sita hivi. Yakibanwa kwenye mlango mwembamba kama ule wa Kinasi, kule Mafia, hukimbia kweli. Na mkondo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu inayousukuma mtumbwi huongezeka mara nne. Ndiyo maana mahali palipokuwa salama asubuhi panaweza kukuzamisha kabla ya adhuhuri.

Kwa hiyo kamba ya nanga ifungwe omo, yaani mbele ya chombo, au tezi, yaani nyuma yake, katu isifungwe ubavuni ulipoketi. Najua kutambaa hadi omo ndani ya chombo chembamba ni hatari yenyewe. Wenye kayaki hupitisha kamba ya mzunguko kwenye pete mbili, moja mbele na moja nyuma, wakaivuta kamba ya nanga hadi nchani bila kuinuka.

Kamba fupi nayo ni adui, kwani huivuta omo chini na kuing'oa nanga. Kwenye kina cha mita 5, toa mita 25 hadi 35, na mnyororo wa mita moja au mbili karibu na nanga ili ilale chini na kushika.

Nanga ya makucha manne hupenda kunasa mwambani. Funga kamba kwanza kwenye kitako chake, upande wa makucha, kisha ishikize kwenye pete ya juu kwa uzi dhaifu. Ikinasa, vuta kwa nguvu: uzi unakatika, nanga inatoka kinyumenyume.

Lakini usivute ukiwa umekingama. Piga kafi kuelekea nanga ilipo, na ikikataa, achilia. Mwisho wa kamba uwe na boya, fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja, na kisu kiwe karibu na mkono. Boya litaelea palepale. Maji yakisimama, utarudi kulichukua.