Asilimia ya watu wenye homa ya ini B nchini: inahesabu nini hasa?

Ukisikia kwamba asilimia 6 ya watu wa nchi fulani wana homa ya ini B, usifikirie wodi zilizojaa. Wengi wao hawana dalili yoyote na hata hawajui kama wana virusi. Asilimia hiyo ni sehemu ya watu ambao damu yao ilipopimwa ilikutwa na HBsAg, yaani protini ya ganda la nje la kirusi. Ikiendelea kuonekana kwa miezi 6 au zaidi, maambukizi huitwa sugu, na hayo ndiyo yanayoweza kuleta kovu la ini au saratani miaka mingi baadaye. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 254 walikuwa na maambukizi sugu mwaka 2022.

Kwa kawaida, nchi iliyo chini ya asilimia 2 huhesabiwa kuwa na maambukizi machache, na iliyofika 8 au zaidi kuwa na mengi.

Kinachosahaulika ni umri. Mtoto mchanga akiambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa, hubaki na virusi mara 9 au zaidi kati ya 10. Kwa mtu mzima aliyeambukizwa ukubwani, haizidi mara 1 kati ya 20. Kwa hiyo idadi ya taifa zima inaeleza zaidi yaliyowapata watoto wa miongo iliyopita kuliko maambukizi ya mwaka huu. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na maambukizi kwa watoto yakashuka kutoka karibu asilimia 10 hadi chini ya 1, ilhali watu wazima walioambukizwa kabla ya hapo walibaki na virusi vyao, maana chanjo haimtibu aliyekwisha ambukizwa. Ndiyo sababu lengo la dunia la mwaka 2030 linawatazama watoto wa miaka 5 kushuka chini: wenye HBsAg wasizidi asilimia 0.1.

Muhimu pia ni nani aliyepimwa. Wachangia damu huchujwa kwa maswali kabla ya kutoa damu, hivyo takwimu zao mara nyingi huwa chini ya hali halisi. Za kliniki ya ini huwa juu mno. Wajawazito hutumika sana kwa makadirio, ingawa hawawasemei wanaume wala wazee. Tena kuna kipimo kingine, cha kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi, kinachowanasa hata waliopona zamani. Idadi yake huwa kubwa zaidi, na kuilinganisha na ile ya HBsAg ni kulinganisha vitu viwili tofauti.