Je, wajua kwa nini wauzaji wa duka moja husaidiana, ilhali wa duka jingine hutegeana?

Chukua maduka mawili ya mjini Mwanza. Yanauza bidhaa zilezile, bei zinakaribiana na mishahara haipishani sana. Katika la kwanza foleni ikirefuka, kijana anayepanga bidhaa anaacha katoni chini na kuja kufunga mizigo ya wateja bila kuitwa. Katika la pili unauliza sukari iko wapi, unaambiwa "muulize yule", na yule anakutuma kwa mwingine.

Wengi wetu tutasema ni hulka za watu, au malezi. Mimi ningeuliza kwanza: jioni hesabu ikikataa, nani analipa?

Kila keshia anaijua shoti, yaani pesa inayopungua kwenye droo hesabu ikifungwa. Tuseme ni Jumamosi usiku, duka limefungwa, mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti, imetoa ripoti ya siku na droo imehesabiwa mara mbili. Inapungua shilingi 18,000. Huenda noti zilishikana wakati wa kutoa chenji. Huenda mteja alidai amelipa kwa simu kupitia Lipa Namba, akaonyesha meseji ya jana, na kwa msongamano hakuna aliyeikagua. Au keshia alishikiwa kaunta na mwenzake dakika tano alipokwenda kuswali. Hakuna ajuaye. Sasa duka litafanya nini? Jibu la swali hilo ndilo utamaduni wa kazi wa pale, hata kama ukutani wamebandika maneno mengine kabisa.

Kuna mabosi wanaosema aliyekaa kaunta alipe yote. Matokeo yake hakuna anayekubali kumwachia mwenzake droo, na hakuna anayependa kumshikia mtu. Dada wa watu anabana haja yake hadi mwisho wa zamu.

Wengine huigawa shoti kwa zamu nzima. Njia hii huwapendeza mabosi, eti inawafanya wafanyakazi walindane. Ukweli ni kwamba inawafanya wachungane. Aliyekuwa stoo mchana kutwa akishusha mizigo anakatwa kwa kosa asilolijua, na mgeni aliyeajiriwa wiki iliyopita anakuwa mshukiwa wa kwanza. Halafu meneja huyohuyo anasimama kwenye kikao cha asubuhi na kutangaza, "Hapa sisi ni familia moja." Familia gani hii inayokatana mishahara?

Mwanasaikolojia wa Marekani, Morton Deutsch, alilieleza jambo hili mwaka 1949. Watu hushirikiana pale mmoja anapojua kwamba hafiki bila mwenzake kufika. Faida ya mmoja ikiwa ndiyo hasara ya mwingine, huanza kufichana habari na kuviziana, hata kama ni marafiki. Ndiyo maana bonasi ya muuzaji bora wa mwezi inaweza kuvuruga duka lililokuwa limetulia. Muuzaji wa simu aliyemweleza mteja kila kitu kwa nusu saa, kisha mauzo yakaandikwa kwa jina la mwenzake, mwezi ujao hatamsaidia mtu.

Kuna jambo jingine, na hili huwashangaza hata mameneja wazoefu. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichunguza timu za wodini, akitarajia kwamba zile zinazoelewana vizuri zingekuwa na makosa machache ya kutoa dawa. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1996, yalikuwa kinyume: timu nzuri ndizo zilizoonyesha makosa mengi. Maelezo aliyoyatoa ni kwamba katika timu hizo watu waliweza kusema "nimekosea" bila kuogopa, kwa hiyo makosa yalionekana. Kwingine yalifichwa. Dukani ni vivyo hivyo: maziwa yaliyoisha muda husukumwa nyuma ya shelfu, na aliyeyaona ananyamaza asije akaambiwa ayalipie.

Sheria nayo ina la kusema. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa kujiamulia tu. Mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake mwenyewe, aandikiwe chanzo na kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kukipinga, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Shoti ya kugawana zamu nzima haipiti hapo. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, ina ofisi Mwanza, na mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hufikishwa huko ndani ya siku 60. Lakini mtu ambaye bado anaitaka kazi yake hufikiri mara mbili kabla ya kwenda kumshtaki bosi kwa shilingi 4,000.

Kwa hiyo mabadiliko ya haraka yako mikononi mwa meneja wa tawi. Kila keshia awe na droo yake na namba yake ya siri, droo ihesabiwe wakati wa kupokezana zamu mbele ya wote wawili, na kila shoti iandikwe kwenye daftari na chanzo chake kichunguzwe kabla ya kutaja nani alipe. Meneja atakayejaribu hivyo asishtuke mwezi wa kwanza shoti zikionekana kuongezeka. Nyingi zilikuwepo tangu zamani, ila makeshia walikuwa wakizifidia kimyakimya kwa pesa ya nauli.