Majibu ya Widal na homa isiyo malaria

Swali ninaloulizwa zaidi na matabibu wa vituo vidogo, tangu nianze kazi ya maabara, ni hili: mgonjwa ana homa, kipimo cha haraka cha malaria kimetoka hasi, sasa nipime nini? Mara nyingi kitendanishi pekee kilichobaki kwenye rafu ni cha Widal, kipimo cha damu cha taifodi, na baada ya dakika chache mgonjwa anaondoka na karatasi inayosema ana taifodi, pamoja na antibaiotiki za siku kadhaa. Tabibu ametenda kwa nia njema kabisa, lakini majibu hayo kwa kawaida hayasemi lolote la kutegemewa kuhusu homa iliyomleta mgonjwa siku ile.

Kipimo hiki kinabeba jina la tabibu Mfaransa, Fernand Widal, aliyekieleza mwaka 1896. Hakitafuti bakteria wa taifodi wenyewe, bali kingamwili ambazo mwili umezitengeneza dhidi yao: seramu ya mgonjwa huchanganywa na bakteria waliokwisha kuuawa, kisha huangaliwa kama watashikamana na kufanya chengachenga. Kingamwili hizo zinaweza kubaki katika damu muda mrefu baada ya mtu kupona, zinaweza kutokana na chanjo, na zinaweza pia kuamshwa na jamii nyingine za Salmonella (kundi la bakteria ambamo wa taifodi wamo) zisizosababisha taifodi. Ndiyo maana tulifundishwa kuchukua sampuli mbili, ya pili siku 10 hadi 14 baada ya ya kwanza, na kutafuta ongezeko la mara nne la kingamwili hizo. Sampuli hiyo ya pili nimeiona mara chache mno, wala simlaumu mtu, kwa sababu mgonjwa aliyepona harudi na anayezidiwa hawezi kusubiri.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa tatizo. Tuchukulie watu 1,000 wenye homa, na kati yao 20 tu ndio wenye taifodi. Tuchukulie pia kwamba kipimo kinawagundua wagonjwa 70 katika kila 100, na kinatoa majibu hasi kwa watu 80 katika kila 100 wasio na ugonjwa. Wenye taifodi watakaopata majibu chanya ni 14. Wasio nayo ni 980, na kati yao 196 watapata majibu chanya vilevile. Kwa hiyo katika majibu chanya 210, ya kweli ni 14, yaani moja katika kila 15. Wengine wote wanatibiwa ugonjwa wasio nao, na ugonjwa walio nao unaendelea. Kosa hapa halitoki kwa kipimo peke yake. Linatoka pia katika kuwapima watu wengi ambao tangu mwanzo uwezekano wao wa kuwa na ugonjwa ulikuwa mdogo.

Njia iliyo imara zaidi ni kuotesha damu, yaani kuiweka kwenye chupa yenye virutubisho ili bakteria waliomo wakue na kuonekana, nayo ina ugumu wake. Katika taifodi, mililita moja ya damu mara nyingi haina hata bakteria mmoja, hivyo mtu mzima anahitaji kutolewa mililita 8 hadi 10 kwa chupa, kiasi ambacho wahudumu wengi huona ni kikubwa mno na hukipunguza kwa huruma. Hata ikifanywa vizuri, hugundua takriban wagonjwa 60 katika kila 100, na hupungua zaidi ikiwa mgonjwa amekwisha kumeza antibaiotiki za dukani. Ngozi isiposafishwa sawasawa, kinachoota ni bakteria wa ngozi. Nimewahi pia kupokea chupa zilizohifadhiwa kwenye jokofu usiku kucha pamoja na sampuli nyingine, ilhali chupa ya kuotesha damu haipaswi kupozwa hata kidogo. Inasubiri kwenye joto la kawaida la chumba hadi iingie kwenye kiatamizi, kifaa cha joto ambamo bakteria hukuzwa.

Je, homa hizi ni za nini basi? Utafiti ninaourejea mara kwa mara ulifanyika Moshi, kaskazini mwa Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kali walifuatiliwa. Madaktari waliandika malaria kwa wagonjwa 528, lakini iliyothibitishwa kuwa chanzo cha homa ilikuwa kwa 14 tu. Miongoni mwa waliochunguzwa kwa kina, takriban robo walikuwa na magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama: homa ya mgunda, homa ya Q, homa za kupe na brusela. Wengine walikuwa na chikungunya. Jambo linalonisumbua kila nikiusoma ni kwamba hakuna hata mmoja wa wagonjwa hao ambaye ugonjwa wake ulikuwa umetajwa na daktari siku ya kulazwa, hata kama dhana ya mbali. Baadhi ya magonjwa hayo yanatibika kwa doksisaiklini, dawa rahisi ambayo haimo katika matibabu ya kawaida ya taifodi.

Hata hivyo, watafiti wale waliyajua mengi ya majibu hayo kwa kumwita mgonjwa arudi wiki kadhaa baadaye kutoa damu ya pili, jambo linalofaa utafiti lakini halimsaidii tabibu wa usiku ule. Kwa hiyo, tabibu anaponipigia simu leo, kabla ya kuzungumzia kipimo chochote namwomba amuulize mgonjwa kama anafuga au anachinja wanyama, kama amekunywa maziwa mabichi, kama amefanya kazi kwenye maji yaliyotuama, na ni dawa zipi amekwisha kumeza. Kama chupa ya kuotesha ipo, achukue damu kabla ya dozi ya kwanza. Na mgonjwa akiwa mahututi, aanze dawa mara tu damu ikishachukuliwa, bila kungoja majibu, kisha ayapitie matibabu upya pale maabara itakapomjibu.