“Used to” na mazoea ya Kiswahili: dhana potofu na ukweli

Mwombaji wa kazi anaandika katika barua yake, “I use to teach mathematics,” akikusudia kusema kwamba yeye hufundisha hisabati, na ndiyo kazi yake hadi leo. Anayeisoma barua anaelewa kinyume: huyu alikuwa akifundisha, kisha akaacha. Huenda hata akajiuliza aliacha kwa nini. Sentensi haina neno gumu hata moja, lakini imemvua mwandishi wake kazi aliyo nayo.

Kosa hili linatokana na dhana iliyoenea sana kwetu, kwamba “use to” ni wakati uliopo wa “used to”, hivyo linafaa kwa jambo la kila siku. Naelewa kwa nini watu huiamini. Kiswahili kina kiambishi hu- kwa ajili ya mazoea: “Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri.” Mtu anayetafuta namna ya kulisema hilo kwa Kiingereza anakutana na “used to”, anaambiwa nayo inahusu mazoea, basi anaondoa ile d ya mwisho na kuona kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba Kiingereza cha leo hakina umbo hilo la wakati uliopo. Mazoea ya sasa husemwa kwa kitenzi cha kawaida tu, “I wake up at five”, au kwa kuongeza “usually”. “I used to wake up at five” ni “nilikuwa nikiamka saa kumi na moja”, na msikilizaji atachukulia kwamba siku hizi mambo ni mengine. Si lazima yawe ya zamani sana, kama wengi wanavyodhani. Hata mazoea yaliyokoma mwezi uliopita yanafaa kusemwa hivyo.

Zamani umbo la wakati uliopo lilikuwepo. Katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, Zaburi ya 119, mstari wa 132, mwenye kuomba anamwambia Mungu “as thou usest to do”, yaani kama ufanyavyo siku zote. Matumizi hayo yametoweka katika Kiingereza cha kawaida, na msomaji wa leo akiona “I use to” atadhani umesahau d.

Dhana ya pili ndiyo inayosumbua zaidi, hata kwa watu wanaokiandika Kiingereza vizuri: kwamba “I used to” na “I am used to” ni kitu kimoja. “I am used to” maana yake nimezoea. Hapo “to” inafanya kazi ya kihusishi, na baada yake huja nomino au kitenzi chenye -ing: “I am used to the heat”, “I am used to waking up early”. Kiswahili hutuvuta pembeni mara mbili. Kwanza, baada ya “nimezoea” sisi huweka ku-, “nimezoea kuamka”, basi mkono unaandika wenyewe “I am used to wake up”. Pili, “nimezoea” ina -me-, na wengine wanaifuata hiyo hadi “I have used to”. Lipo jaribio ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue: weka “it” mwishoni. “I am used to it” inakaa sawasawa. “I used to it” haikai kabisa. Ukitaka kusema mtu atazoea polepole, tumia “get”. Aliyehama Dar es Salaam kwenda Njombe ataambiwa, “You will get used to the cold.”

Kuna na “used to” ya tatu, ile ya kutumika: “This knife is used to cut fish.” Kwa maandishi inafanana na nyingine, lakini sikio huzitofautisha. Ya kutumika ina sauti ya z katikati, nyingine zina s. Tena katika ile ya mazoea yaliyopita d na t humezana, ikasikika karibu na “yuustu”. Ndiyo maana anayeandika kwa kufuata sikio huiacha d.

Katika ukanushi, d huondoka kweli: “I didn’t use to eat octopus.” “Did” imekwisha kubeba wakati uliopita. “Didn’t used to” utaikuta hata katika maandishi yaliyochapishwa, ila walimu wengi huihesabu kuwa kosa, kwa hiyo kwenye mtihani iache.

Wengine hudhani “used to” inafaa kwa kila kilichopita. Ukitaja muda kamili au idadi ya mara, haifai. Sema “I lived in Mombasa for three years”, wala usiweke “used to live” hapo. Na “I went to Nairobi three times”, bila “used to go”.

Mwisho ni “would”, ambayo vitabu vingi huiweka kando ya “used to” kama pacha wake. Kwa matendo yaliyojirudia zinabadilishana: “Grandmother would tell us stories every night.” Kwa hali, kama kuishi mahali, kupenda au kumiliki kitu, “would” haifai. Aliyekuwa na baiskeli zamani aseme “I used to have a bicycle”, kwa kuwa “I would have a bicycle” itaeleweka kwamba angekuwa nayo.