Mfumo wa chuo kikuu wa kuzuia na kushughulikia ukatili wa kingono: maana yake na unavyofanya kazi

Ukatili wa kingono ni tendo lolote la kingono analofanyiwa mtu bila ridhaa yake. Ubakaji umo, jaribio la kubaka limo, kushikwashikwa maungoni kumo, kusambaza picha za utupu za mtu bila idhini yake kumo, na rushwa ya ngono, yaani mhadhiri kudai ngono ili atoe alama, nayo imo. Chuo kikuu kinaposema kina mfumo wa kuushughulikia, tutarajie kukuta vitu 3: sera iliyoandikwa na kupitishwa, ofisi au dawati lenye watu waliofundishwa kazi hiyo, na utaratibu unaoeleweka tangu taarifa inapotolewa hadi uamuzi unapotoka. Vyuo vingi vimeishia kwenye cha kwanza. Sera iko kwenye tovuti, lakini mwanafunzi aliyeumizwa Jumamosi usiku hajui ampigie nani.

Sera nzima husimama juu ya ridhaa. Ridhaa ni kukubali kwa hiari, mtu akiwa na fahamu zake na akijua anachokikubali. Huhusu tendo moja kwa wakati mmoja: aliyekubali kubusiwa hajakubali mengine, na aliyekubali jana hajakubali leo. Inaweza kuondolewa wakati wowote, hata katikati ya tendo. Aliyelala, aliyezimia au aliyelewa chakari hawezi kuitoa. Kunyamaza nako si ridhaa, na hapa kuna jambo ambalo wajumbe wengi wa kamati za nidhamu hawalijui: mwili ulioshikwa na hofu kubwa unaweza kuganda, sauti isitoke na mikono isinyanyuke. Ndiyo maana swali la "mbona hukupiga kelele?" halithibitishi chochote. Kukosekana kwa majeraha pia hakuthibitishi kitu, kwa kuwa wengi waliobakwa hawana jeraha linaloonekana.

Kwa mhadhiri na mwanafunzi anayemsahihishia mitihani, sera nzuri haziingii kabisa kwenye mjadala wa ridhaa. Zinakataza uhusiano huo moja kwa moja, maana anayeshika alama za mtu ameshika pia uwezo wake wa kukataa.

Kuzuia

Fedha nyingi za kuzuia huishia kwenye taa, uzio na walinzi. Vyote vinahitajika, ila mtendaji mara nyingi ni mtu anayefahamika: mwanafunzi wa darasa moja, mpenzi wa zamani, rafiki wa anayelala chumba hichohicho. Huyo havizii gizani; anabisha hodi na kufunguliwa.

Semina ya saa moja katika wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya huongeza ufahamu kwa muda, mwenendo ukabaki palepale. Mafunzo marefu yenye mazoezi ndiyo yameonyesha matokeo. Mfano unaotajwa sana ni jaribio la vyuo vikuu 3 vya Kanada lililochapishwa mwaka 2015. Wanawake wa mwaka wa kwanza walihudhuria vipindi 4 vya saa 3 kila kimoja, wakajifunza kutambua dalili za hatari kwa mtu wanayemjua, kushinda kusitasita, na kujihami kwa maneno na kwa mwili. Baada ya mwaka mmoja, 5.2% ya kundi hilo walikuwa wamebakwa, dhidi ya 9.8% ya kundi lililopewa vipeperushi. Hata hivyo, mafunzo hayo yakiachwa peke yake huwatwika wanawake mzigo wa kosa la mwingine. Yanapaswa kwenda sambamba na mafunzo ya shuhuda kwa wanafunzi wote, wa kiume wakiwemo: kumvuta kando aliye hatarini kwa kisingizio chochote, kumwita mlinzi au mlezi wa bweni, kusema waziwazi inapowezekana, na kumjulia hali mhusika kesho yake.

Rushwa ya ngono huzuiwa na taratibu za kitaaluma kuliko mahubiri. Mitihani isahihishwe kwa namba bila majina. Karatasi za waliofeli zipitiwe na msahihishaji wa pili. Mwanafunzi aweze kuomba usahihishaji upya bila kupita kwa mhadhiri yuleyule. Kwenye tasnifu namba haimfichi mtu, na huko ndiko mianya ilikobaki. Kinachosaidia ni kukutana ofisini saa za kazi tu, na kubadilishiwa msimamizi bila kulazimika kueleza sababu mbele ya idara nzima.

Saa za mwanzo

Wa kwanza kuambiwa huwa rafiki, kiongozi wa darasa au mlezi wa bweni, mara chache ofisi yenyewe. Kazi yake ni fupi: kuuliza kama mtu yuko salama sasa, kusikiliza bila kumhoji, na kumweleza njia zilizopo. Asiahidi siri asiyoweza kuitunza. Kama kanuni za chuo zinamlazimu kutoa taarifa, aliseme hilo mapema, kabla hajasikia yote. Mshauri nasaha na daktari kwa kawaida wanabanwa na usiri, na manusura anastahili kujua tofauti hiyo.

Matibabu ndiyo yasiyosubiri. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanza haraka iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, kisha kumezwa kwa siku 28 mfululizo. Wengi huziacha katikati kwa sababu ya kichefuchefu. Dawati linalompigia mtu simu kila wiki huokoa dozi nyingi. Kuzuia mimba kwa dharura kunawezekana ndani ya siku 5, ila vidonge vilivyozoeleka hupungua nguvu kadiri saa zinavyopita. Hufuata kinga ya homa ya ini B, ya pepopunda akiwa na jeraha, na tiba ya magonjwa mengine ya zinaa.

Ushahidi wa mwilini hukusanywa vizuri zaidi ndani ya siku 3, sehemu nyingine hadi 5. Ni bora asioge, asinawe sehemu husika wala kufua nguo kabla ya kuonwa na daktari, na nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kila moja na wake. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, kuvu ikaota na chembe zikaharibika. Akidhani aliwekewa dawa kwenye kinywaji, mkojo wa kwanza uhifadhiwe, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hutoweka mkojoni ndani ya saa 12 hivi. Aliyekwisha kuoga bado anatakiwa kwenda hospitali. Ujumbe wa simu na picha za skrini navyo ni ushahidi, visifutwe kwa hasira.

Hapo mbele yake kuna milango 3: hospitali, chuo na polisi. Mmoja usiwe sharti la mwingine. Kumwambia mtu hatatibiwa mpaka alete karatasi ya polisi ni kumpotezea saa ambazo hazirudi. Na asipokuwa mtoto wala hakuna hatari ya wazi kwa wengine, uamuzi wa kufungua mlango gani, na lini, ni wake. Mkuu wa chuo au mzazi asimwamulie.

Hatua za muda na uchunguzi

Kabla ukweli haujaamuliwa, chuo kinaweza kuwatenganisha wahusika: kubadilisha bweni au kundi la semina, kuahirisha mtihani, kutoa amri ya kutowasiliana. Hizi si adhabu. Kosa la kawaida ni kumhamisha mlalamikaji kwa kuwa yeye ndiye anayekubali haraka.

Mchunguzi asiwe mjumbe wa kamati itakayoamua. Mtuhumiwa apewe tuhuma kwa maandishi na muda wa kujibu, pande zote zione ushahidi, na maswali yapitie kwa mwenyekiti badala ya mmoja kumhoji mwenzake uso kwa uso. Mlalamikaji aeleze kisa mara moja, kirekodiwe vizuri. Kila anapokirudia mbele ya mtu mpya, vijambo vidogo hutofautiana, na tofauti hizo hutumiwa baadaye kumwita mwongo.

Chuo huamua kama kanuni zake zimevunjwa, na vingi hutumia kipimo cha lipi lina uwezekano zaidi kuwa kweli. Mahakama ya jinai hutaka uthibitisho usioacha shaka ya msingi, na yenyewe inaweza kufunga mtu. Chuo mwisho wake ni kusimamisha au kufukuza. Kwa hiyo mtu anaweza kuachiwa mahakamani na bado akapatikana na hatia chuoni. Polisi wakiomba chuo kisubiri kidogo ili ushahidi usivurugwe, kisubiri, lakini hatua za muda ziendelee.

Mambo yanayovunja mfumo wenye sera safi tunayafahamu. Kuna "suluhu": familia mbili zinaketishwa, fedha inatolewa, faili linafungwa. Kuna mtuhumiwa anayejiuzulu au kuhama uchunguzi ukiendelea, akapokelewa kwingine na cheti safi. Dawa yake ni kukamilisha shauri hata akiwa ameondoka. Na kuna hofu ya aliyetendewa kwamba ataadhibiwa kwa kunywa pombe au kuwa bweni la wengine usiku, ndiyo maana sera inapaswa kutamka kwamba makosa hayo madogo hayatafuatiliwa.

Marekani, Sheria ya Clery ya mwaka 1990 inavilazimisha vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kutangaza takwimu za uhalifu kila mwaka. Takwimu za namna hiyo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Taarifa zikiongezeka mwaka wa kwanza wa dawati jipya, mara nyingi ni kwamba watu wameanza kuliamini, na chuo kinachotangaza sifuri mwaka hadi mwaka ndicho cha kutiliwa shaka. Kipimo bora ni kulinganisha idadi ya taarifa na majibu ya dodoso lisilo na majina, kisha kutangaza pia siku ambazo shauri lilichukua na uamuzi uliotolewa, huku idara ndogo zikijumlishwa pamoja ili mhusika asitambulike.