Tezi ya Shingo Ikizembea: Kidonge, Chai ya Maziwa na Chumvi Yetu

Mwezi Novemba hapa Mtwara joto halikuachi hata usiku. Basi mama akiingia chumba cha daktari amevaa sweta, kajitanda kanga mbili juu yake na analalamika baridi, mimi siwazi malaria kwanza. Namtazama shingo, nashika mapigo ya moyo, kisha namwacha aongee nisikie sauti. Sauti ikiwa nzito yenye mikwaruzo, mapigo yako hamsini na kidogo kwa dakika, na macho yamevimba pembeni, huwa nimeshaandika kipimo cha thairoidi, yaani tezi ya shingo, kabla hajamaliza kujieleza.

Maelezo yenyewe hayatofautiani sana. Uchovu usioisha, mwili unaongezeka ingawa chakula ni kile kile, choo kigumu, hedhi nzito, ngozi kavu, nywele zinakatika, anasahau alichotumwa. Ameshatibiwa upungufu wa damu, ameshatibiwa UTI, ameambiwa ni umri, na mawifi wameshapitisha hukumu kuwa ni mvivu. Ugonjwa huu hujificha hivyo, kwa sababu kila dalili ukiichukua peke yake ina sababu nyingine kumi.

Tezi hii imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kongomeo. Hutengeneza homoni za T4 na T3, ambazo ndizo zinazopanga mwendo wa mwili mzima: moyo, utumbo, ngozi, hata akili. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huisimamia kwa homoni iitwayo TSH, kama nyapara shambani: kibarua akizembea, nyapara anazidi kupaza sauti. Ndiyo maana TSH ikiwa juu, maana yake tezi imelala. Wengi huniletea karatasi ya majibu wakidhani homoni imewazidi, kumbe ni kinyume chake.

Maabara nyingi huhesabu TSH ya takriban 0.4 hadi 4 kuwa ya kawaida. Ikifika 60 huku T4 iko chini, hakuna mjadala, dawa inaanza. Ikiwa 6 na T4 ni nzuri, na mtu si mjamzito, mimi hupenda kurudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu kabla ya kumfunga na kidonge cha maisha. Na kama unatumia vidonge vya kukuza nywele vyenye biotini, sema. Katika baadhi ya mashine biotini huharibu majibu, kwa hiyo viache siku kadhaa kabla ya kutoa damu.

Chanzo mara nyingi ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yake yenyewe, ugonjwa ulioelezwa na daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, mwaka 1912. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Wengine ni waliofanyiwa upasuaji wa rovu, yaani uvimbe wa tezi hii, au wanaotumia dawa kama lithiamu na amiodaroni.

Kisha kuna madini joto, na hapa sisi wa Kusini tuna la kuzungumza. Tunavuna chumvi mabwawani Lindi na Mtwara, na watu wengi huamini kwamba chumvi ikitoka baharini ina madini joto tayari. Yaliyomo ni kidogo mno, lazima yaongezwe. Chumvi inayopimwa kwa kopo kutoka gunia lililo wazi huwezi kujua kama imeongezwa. Changanya na makopa ya mihogo michungu ambayo hayakuandaliwa vizuri: sumu inayobaki, mwili huigeuza kuwa kitu kinachoizuia tezi kuchukua hayo madini machache yaliyopo. Hapo rovu hupata njia. Lakini mwenye Hashimoto hatapona kwa kuzidisha chumvi, atajitafutia presha. Wala asikimbilie juisi ya mwani, kwani madini joto yakipita kiasi nayo huilaza tezi.

Dawa ni levothairoksini, homoni ile ile ya T4 ndani ya kidonge. Sasa sikiliza mazungumzo niliyoyazoea.

“Dokta, sijaruka hata siku moja.”

“Unameza saa ngapi, mama?”

“Asubuhi, na chai.”

“Ya rangi?”

“Ya maziwa. Na vile vidonge vya damu, nameza vyote pamoja nisisahau.”

Mama huyo dozi yake ilikuwa imepandishwa mara mbili huko alikotoka, na TSH haijashuka. Madini ya chuma ya vidonge vya damu na kalsiamu ya maziwa huikamata dawa tumboni isiingie mwilini. Tulihamisha saa tu: levothairoksini alfajiri kwa maji matupu, chai baada ya nusu saa hadi saa nzima, vidonge vya damu mchana, yaani baada ya muda wa saa nne au zaidi. Baada ya wiki sita ikabidi nimpunguzie dozi.

Wiki sita hizo si za mapambo. Dawa hukaa mwilini muda mrefu. Nusu yake hubaki hata baada ya wiki nzima, kwa hiyo kupima mapema ni kupoteza pesa. Ukisahau siku moja usihangaike, endelea. Ukijisikia vizuri usiache. Mwezi wa Ramadhani wengi wanaweza kumeza kabla ya kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha mwisho, bora saa isibadilike kila siku. Vidonge usiviweke dirishani wala jikoni; joto na unyevu wa pwani huviharibu. Na ukinunua duka jingine, soma namba: mikrogramu 25, 50 na 100 si kitu kimoja. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanza na 25 au chini ya hapo, hata kama jirani yake anameza 100.

Ukipata mimba ukiwa kwenye dawa hii, usingoje tarehe ya kliniki. Njoo wiki hiyo hiyo. Wiki za mwanzo mtoto hutegemea homoni za mama kujenga ubongo, na mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa kwa robo hadi nusu. Baada ya kujifungua tunairudisha ilipokuwa, kisha tunapima tena.