Viambato vya mimea katika chakula cha mbwa na paka

Kiambato cha mmea ni chochote kinachotoka kwenye mmea na kutiwa katika chakula cha mnyama: mchele, mahindi, njegere, dengu, boga, mbegu za kitani. Wengi hudhani ni vya kujazia tu, na hapo wanakosea. Wanga hutia nguvu, tena ndio unaoshikanisha punje za chakula kikavu. Nyuzinyuzi hulisha bakteria wa utumboni na kulainisha choo. Kirutubisho cha ziada ni kitu kingine: unga, kidonge au mafuta anayoongezewa mnyama juu ya chakula chake. Hakiwezi kuwa mlo, hata kifungashio kikisifiwa vipi.

Swali kubwa ni nani anayekula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa mbwa wengi wana nakala nyingi zaidi za jeni ya kusaga wanga kuliko mbwamwitu. Ndiyo maana mbwa humeng'enya vizuri wali au viazi vilivyopikwa. Paka sivyo. Yeye ni mla nyama kwa maumbile: mwili wake hauwezi kugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A, na taurini, kirutubisho ambacho macho na moyo wake hukihitaji, hutengeneza kidogo mno.

Taurini hupatikana kwenye nyama na samaki, wala nafaka na mikunde hazina cha kutosha. Paka akiikosa kwa muda mrefu, retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huharibika na misuli ya moyo hulegea, moyo ukatanuka. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walihusisha ugonjwa huo wa moyo na upungufu wa taurini, na watengenezaji wakaongeza kiwango chake kwenye vyakula vya paka. Taurini hutengenezwa pia kiwandani bila mnyama yeyote, kwa hiyo chakula kisicho na nyama kinaweza kuwa nayo, mradi imetiwa. Itafute kwenye orodha ya viambato. Isipoandikwa, mimi nisingempa paka chakula hicho kila siku.

Kwa mbwa nafasi ni pana zaidi, ila asilimia ya protini kwenye lebo haisemi yote. Protini hujengwa kwa asidi za amino: mahindi yana upungufu wa moja yake, lisini, na mikunde ina upungufu wa nyingine, methionini. Vikichanganywa, kimoja huziba pengo la kingine. Mwaka 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza kuchunguza ugonjwa wa moyo kwa mbwa waliolishwa vyakula vyenye mikunde mingi. Haijathibitishwa kuwa mikunde ndiyo chanzo.

Mafuta ya kitani yana omega-3, kundi la mafuta ambayo mwili huyahitaji, lakini aina yake lazima mwili uibadilishe kwanza. Mbwa hubadilisha kidogo, paka kidogo zaidi. Mafuta ya mwani mdogo hutoa DHA, omega-3 iliyo tayari kutumika, moja kwa moja, na kwangu ndiyo nyongeza isiyotoka kwa mnyama yenye mantiki zaidi.

Kinachonitia hofu ni neno "asilia". Kitunguu saumu huuzwa kama kinga ya viroboto, ilhali jamii yote ya vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu, hasa za paka. Zabibu zinaweza kuua figo za mbwa.

Ukiamua kumlisha paka mimea pekee, mwombe daktari wa mifugo apime taurini katika damu mapema, kabla ya dalili yoyote. Retina ikishakufa hairudi.